Kasha la Risasi Zilizojazwa kwa Mkono: Uchambuzi wa Kisa Kimoja cha Urithi

Mtu mmoja alirithi kutoka kwa mjomba wake rivolva ya matundu sita ya kaliba ya .38 Special, iliyotengenezwa kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, pamoja na kasha la chuma lililojaa risasi ambazo marehemu alizijaza mwenyewe kwa mashine ya mkono. Umiliki wa silaha ulihamishwa kwa taratibu zote za kisheria, kwa hiyo upande huo hauna la kujadiliwa. Shida ilikuwa kwenye kasha. Ndani yake mlikuwa na masanduku matatu ya kadibodi na mkanda wa ngozi wenye vitanzi, jumla ya risasi 156, na mrithi aliyapeleka yote kwa fundi wa silaha akiwa na swali moja tu: je, risasi hizi ni za zamani mno kupigwa?

Sanduku la kwanza lilikuwa na risasi 50 zenye vichwa bapa vya kulengea shabaha, vile ambavyo huzamishwa ndani ya ganda hadi vikawa sawa na mdomo wake. Lebo yake ilikuwa imeandikwa kwa mwandiko safi: baruti ya Bullseye, greini 2.7, kichwa cha greini 148, mwaka 1983. Greini ni kipimo kidogo cha uzito, takriban gramu 0.065. Sanduku la pili lilikuwa na risasi 46 zenye vichwa vya greini 158, na juu yake kulikuwa na lebo mbili, moja juu ya nyingine. Ya chini ilikuwa imekatwa kwa kalamu na ya juu ilisomeka neno "2400" tu, jina la baruti nyingine, kwa kuwa tarakimu za kipimo zilikuwa zimefutika kwa unyevu. Sanduku la tatu lilikuwa na risasi 38 zenye maganda ya .357 Magnum, kaliba yenye nguvu zaidi, na maneno "nyepesi, za mazoezi". Mkandani mlikuwa na risasi 22 zilizoota kutu ya kijani.

Swali la mrithi lilikuwa la kweli, lakini lilielekezwa kwenye jambo ambalo katika kisa hiki ndilo jepesi zaidi. Umri unaweza kupimwa. Kile ambacho hakiwezi kupimwa kwa nje ni mkono uliojaza, na hapo ndipo uchambuzi huu utakapokaa kwa muda mrefu.

Umri na hifadhi

Baruti isiyo na moshi hutengenezwa kwa nitroselulosi, na aina kadhaa, Bullseye ikiwamo, huongezewa nitrogliserini. Nitroselulosi haitulii milele. Kwa miaka mingi huvunjika polepole na kutoa oksidi za nitrojeni, ambazo zikiachwa huko ndani huharakisha uvunjikaji uleule uliozizaa. Kwa sababu hiyo viwanda huchanganya humo kemikali ya kuzinasa, kwa mfano difenilamini, na baruti hubaki salama kadiri kemikali hiyo inavyobaki. Inapokwisha, baruti huanza kunuka ukali wa tindikali unaochoma pua, hutoa vumbi la rangi ya kutu, na shaba iliyo karibu nayo huliwa kutoka ndani. Baruti nzima hunuka kidogo tu, harufu inayokaribia ile ya spiriti, na punje zake humwagika bila kushikana.

Joto ndilo adui mkuu hapa kuliko miaka yenyewe. Risasi zilizotunzwa mahali pakavu na pa baridi zimepigwa bila matatizo baada ya miongo mingi, na mtu anayetupa risasi nzima ya kiwandani kwa sababu tu imetimiza miaka 40 anapoteza mali. Kasha la marehemu, hata hivyo, lilikaa kwa miaka katika stoo iliyopata joto kali mchana. Joto la namna hiyo huzeesha baruti, na zaidi ya hapo hulainisha grisi iliyopakwa kwenye mifereji ya vichwa vya madini ya risasi, ikatiririka taratibu hadi kwenye baruti. Baruti iliyolowa grisi huwaka kwa shida. Katika rivolva, risasi inayowaka kwa shida ni ya hatari kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu ambayo itaelezwa.

Shaba ya maganda nayo ina historia yake. Jeshi la Uingereza nchini India liliona maganda ya risasi yakipasuka yenyewe ghalani wakati wa msimu wa mvua, bila mtu kuyagusa, na ilipofika mwaka 1921 maelezo yalikuwa yamepatikana: mkazo uliobaki ndani ya shaba baada ya kuundwa kiwandani, ukichanganyika na unyevu na amonia iliyotoka kwenye mikojo ya farasi, huipasua shaba kwenye mipaka ya punje zake. Dawa ilikuwa kuyapasha maganda joto ili mkazo ulegee. Somo hilo linahusu kisa hiki moja kwa moja, kwa kuwa mrithi alikuwa ameshaanza kung'arisha risasi chache za mkandani kwa dawa ya kusugulia vyuma, na dawa nyingi za aina hiyo zina amonia. Ganda lililokwisha kubanwa mdomo kuzunguka kichwa tayari lina mkazo. Kulipaka amonia ni kuongeza kile kilichokosekana.

Risasi 22 za mkanda zilimalizwa haraka. Ngozi iliyotengenezwa kwa magome ya miti hubaki na asidi, nayo ndiyo iliyozaa ile kutu ya kijani. Fundi alipoifuta kwenye risasi mbili aliona vishimo shabani chini yake, na ganda moja lilikuwa na ufa mwembamba mdomoni. Zote ziliwekwa kando kwa ajili ya kuharibiwa. Hapakuwa na haja ya mjadala.

Masanduku matatu yaliyobaki yalipita ukaguzi wa nje vizuri. Maganda yalikuwa safi. Fataki, yaani vile vikombe vidogo vya kuwashia vilivyoko kitakoni, zilikuwa zimezama chini kidogo ya usawa wa kitako, jinsi inavyotakiwa. Ikitokeza juu, hukwaruza bamba lililo nyuma ya silinda na kuizuia kuzunguka. Midomo ya maganda ilikuwa imekunjwa ndani ya mfereji wa kichwa kwa usawa. Hili ni jambo la lazima katika rivolva, kwa sababu kishindo cha kila mpigo huyavuta maganda nyuma huku vichwa vya risasi zinazosubiri vikitaka kubaki vilipo, na kichwa kisichobanwa huweza kuchomoza mbele ya silinda na kuikwamisha. Marehemu alijua kazi. Mtu yeyote aliyeyaona masanduku yale angesema hivyo.

Kile kisichoonekana

Na hapa ndipo wengi huteleza. Uzuri wa nje wa risasi iliyojazwa kwa mkono huonyesha kwamba mjazaji alikuwa na subira, lakini hauonyeshi kiasi gani cha baruti kimo ndani ya risasi hii hasa iliyoko mkononi. Ukaguzi wa nje unaweza kuitia risasi hatiani, lakini hauwezi kuiachia huru.

Ganda la .38 Special lina nafasi kubwa kuliko mahitaji yake ya leo, kwa kuwa lilibuniwa mwishoni mwa karne ya 19 wakati risasi za aina hiyo zilipojazwa baruti nyeusi, ambayo huhitaji ujazo mwingi. Greini 2.7 za Bullseye, yaani takriban gramu 0.17, hukaa chini kabisa ya ganda hilo. Baruti hiyo huwaka haraka sana na inahitaji kiasi kidogo tu, ndiyo maana walenga shabaha waliipenda kwa zaidi ya karne moja; lakini kwa sababu hiyohiyo mjazaji aliyevuta wenzo wa mashine mara mbili juu ya ganda moja hapati onyo lolote. Kipimo maradufu huingia bila kufurika, kichwa hukaa juu yake vizuri, na mdomo hukunjwa kama kawaida. Baruti nzito inayojaza ganda ingemwagika mezani na kumshtua. Hii haimshtui.

Kikomo cha shinikizo la .38 Special kilichowekwa na SAAMI, taasisi ya Marekani inayoandaa viwango vya silaha na risasi, ni pauni 17,000 kwa inchi ya mraba, wakati kile cha .357 Magnum ni 35,000. Shinikizo la baruti ya haraka halipandi kwa uwiano wa kawaida. Kipimo kikiongezwa mara mbili chini ya kichwa kilichozamishwa chote ndani ya ganda, shinikizo hupanda zaidi ya mara mbili. Rivolva ya kabla ya vita haikujengwa kwa hilo. Kinachopasuka kwanza kwa kawaida ni ukuta wa tundu la silinda, na matundu mawili ya jirani hufuata pamoja na daraja la chuma lililo juu yake.

Kosa la upande wa pili ni kutokuwa na baruti kabisa, au kuwa na baruti iliyolowa. Fataki peke yake ina nguvu ya kukisukuma kichwa hadi mwanzoni mwa mtutu na kukiacha hapo. Mpigaji husikia mlio mdogo, hudhani risasi imekataa, na kama ana haraka huvuta tena kifyatulio. Silinda ikiwa imeweza kuzunguka, risasi inayofuata hugonga kizuizi na mtutu huvimba au kupasuka. Mara nyingine kichwa husimama nusu ndani ya silinda na nusu mtutuni, silinda ikakwama, na mpigaji akaponea hapo bila kujua.

Mrithi alikuwa ameshauriwa njia tatu za kujihakikishia kabla ya kufika kwa fundi, na kila moja inastahili kujibiwa, kwa sababu ni ushauri unaosikika mara kwa mara kutoka kwa watu wasio wajinga.

Njia ya kwanza ni kuzipima risasi zote kwenye mizani na kutupa zilizo nzito au nyepesi kuliko nyingine. Fundi alizipima 50 za sanduku la kwanza. Nyepesi kuliko zote ilikuwa na greini 218, na nzito kuliko zote 226. Ukisikia tofauti ya greini nane kati ya risasi ambazo baruti yake ni 2.7 utadhani kuna balaa, lakini maelezo yake ni ya kawaida tu: chapa za kitakoni zilionyesha maganda ya viwanda vinne tofauti, na maganda ya viwanda tofauti hupishana kwa greini kadhaa, wakati vichwa vya kumimina kwenye kalibu hupishana kwa greini moja au mbili. Greini 2.7 za ziada hupotea ndani ya tofauti hizo. Baya zaidi, makosa mawili yanaweza kufichana, kwa maana kwamba ganda jepesi lenye kipimo maradufu litakaa katikati kabisa ya orodha, mahali ambapo hakuna anayetazama. Mizani ina faida pale maganda yanapokuwa ya toleo moja, vichwa vya kiwanda, na baruti nyingi kiasi cha kuzidi tofauti hizo. Hapa hakuna hata sharti moja lililotimia.

Kuzitikisa risasi sikioni hakuhitaji aya nzima. Katika ganda lenye nafasi, kipimo kimoja husikika na vipimo viwili husikika, na grisi hunyamazisha vyote.

Njia ya pili ni kuifunga silaha mahali, kuvuta kifyatulio kwa kamba, na kupiga chache kwa majaribio. Inalinda mkono, hilo halina ubishi. Lakini risasi iliyopigwa imetoa habari zake yenyewe tu, na sasa haipo. Risasi za kiwandani hutoka kwenye toleo moja lenye vipimo vinavyosimamiwa, hivyo chache huweza kuzisemea nyingi. Risasi iliyojazwa kwa mkono ni toleo la risasi moja.

Njia ya tatu ndiyo iliyoaminiwa zaidi, nayo ni kupiga risasi na kutazama fataki iliyotumika: ikiwa bado ina kingo za mviringo shinikizo ni la kawaida, ikiwa imebonyea na kuwa bapa shinikizo limezidi. Dalili hiyo ina ukweli katika bunduki za shinikizo kubwa. Katika .38 Special inapotosha. Fataki ndogo za bastola zinazowekwa kwenye .38 ni za ukubwa uleule unaowekwa kwenye .357 Magnum na kustahimili kikomo cha 35,000. Silaha dhaifu ya .38 inaweza kuwa imebeba shinikizo mara mbili ya kikomo chake huku fataki ikionekana imetulia. Anayesubiri fataki imwambie amechagua shahidi atakayefika baada ya tukio.

Lebo inasema nini

Watu wengi huichukulia lebo kama kiapo. Lebo ya sanduku la kwanza ilikuwa kamili kiasi cha kumfanya mtu atulie: baruti, kipimo, kichwa, mwaka. Kipimo kilichoandikwa ni cha kawaida kabisa kwa kichwa cha aina ile, na miongozo ya kujaza risasi ilikichapisha kwa miongo mingi. Lakini lebo ipo juu ya sanduku, si juu ya risasi. Sanduku la kadibodi hutumika tena na tena, risasi zilizobaki kutoka mazoezi ya wiki moja hurudishwa kwenye sanduku la wiki nyingine, na lebo huendelea kusema ilichosema siku ilipobandikwa. Hata ikiwa ya kweli, inaeleza alichokusudia mjazaji. Kosa la kuvuta wenzo mara mbili halikusudiwi, kwa hiyo halina lebo.

Fundi aliuliza kama marehemu aliacha daftari la ujazaji. Halikupatikana. Aliuliza pia ni mashine ya aina gani iliyotumika, swali ambalo mrithi hakulielewa umuhimu wake. Mashine ya hatua moja humlazimu mjazaji kuyapanga maganda yote 50 kwenye ubao yakiwa na baruti na midomo wazi, na mwenye busara huyamulika kwa tochi yote kwa pamoja kabla ya kuweka vichwa. Ganda lenye baruti nyingi huonekana mara moja likiwa katikati ya wenzake. Mashine inayokamilisha risasi moja kwa mfululizo haimpi nafasi hiyo, na mtu akiitwa katikati ya kazi hurudi asijue alipoishia. Mashine ilikuwa imekwisha kuuzwa. Swali likabaki bila jibu, na katika kazi hii swali lisilo na jibu huhesabiwa upande wa hatari.

Ndipo fundi alipofanya kile ambacho kwa maoni yangu kilikuwa hatua yenye akili kuliko zote katika kisa hiki: aliacha kuzitazama risasi, akaitazama rivolva. Aliondoa silinda, akasafisha mtutu, akaumulika kutoka upande wa nyuma. Sehemu ya tatu hivi ya urefu wake kulikuwa na pete nyeusi, kivuli cha mduara kinachoonekana mahali ambapo chuma kimetanuka kidogo kuelekea nje. Kwa nje, kidole kilichopitishwa taratibu juu ya mtutu kilihisi uvimbe mdogo. Pete ya namna hiyo huachwa na kichwa kilichokwama mtutuni kisha kikagongwa na kingine. Silaha hii, wakati fulani, mikononi mwa mtu fulani, ilipiga risasi hafifu na kufuatiwa na ya kawaida.

Haithibitishi kwamba risasi ile ilijazwa na marehemu. Huenda aliinunua silaha ikiwa hivyo. Lakini inabadilisha uzito wa yote mengine, kwa sababu hadi hapo hoja pekee ya kuzitetea risasi ilikuwa kwamba aliyezijaza alionekana mwangalifu, na sasa kulikuwa na alama ndani ya chuma iliyosema kwamba angalau mara moja kitu kilichofanana na hicho kilishindikana katika silaha hiihii.

Kufungua

Fundi alipendekeza risasi zote zivunjwe bila kupigwa hata moja. Mrithi alikubali kwa sanduku la pili na la tatu, lakini la kwanza aliona uchungu nalo, akaomba zifunguliwe kumi tu na zikiwa sawa zilizobaki zipigwe. Ombi hilo linaeleweka, na lilitekelezwa kwa sehemu yake ya kwanza. Vichwa viling'olewa kwa nyundo ya mpini wa plastiki iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, ambayo hukishika kitako cha ganda na kukitoa kichwa kwa kishindo bila kuigusa fataki, naye fundi akiwa amevaa miwani ya kinga. Vipimo kumi vilikuwa kati ya greini 2.6 na 2.8. Baruti haikuwa na harufu mbaya, ingawa katika ganda moja punje zilikuwa zimeshikana kwa grisi.

Kumi kwa kumi. Je, 40 zilizobaki zimesafishwa? Hesabu ni fupi. Ikiwa kati ya risasi 50 kuna moja tu yenye kipimo maradufu, uwezekano wa kuikosa katika kumi zilizochaguliwa bila mpangilio ni 40 kwa 50, yaani asilimia 80. Zikiwa mbili, uwezekano wa kuzikosa zote mbili bado ni karibu asilimia 64. Sampuli ya kumi inaeleza vizuri desturi ya mjazaji, aina ya baruti na hali yake baada ya miaka mingi kwenye joto. Haielezi siku ile moja aliyoitwa mlangoni mkono ukiwa kwenye wenzo, na hiyo ndiyo siku tunayoitafuta. Kwa maneno mengine, njia pekee ya kuthibitisha kwamba risasi 40 ni salama ni kuzifungua zote 40, na ukishazifungua huna tena risasi za kupiga. Zilifunguliwa.

Hakukuwa na kipimo maradufu hata kimoja. Maganda mengine mawili yalikuwa na baruti iliyolowa grisi, moja kiasi cha kutiliwa shaka kama ingewaka ipasavyo. Mrithi alisema basi wangeweza kuzipiga. Sikubaliani naye, na si kwa ajili ya zile mbili tu. Uamuzi hupimwa kwa kile kilichojulikana ulipofanywa, na kilichojulikana wakati huo kilikuwa mtutu wenye pete, maganda ya viwanda vinne, daftari lililokosekana na lebo ya sanduku. Thamani iliyookolewa kwa kupiga ingekuwa ndogo, ya risasi za mazoezi 40. Upande wa pili wa mizani ulikuwa na silaha, macho na vidole.

Sanduku la pili lilijibu kwa sauti kubwa zaidi. Risasi zake zilikuwa na vichwa vilevile na mkunjo uleule wa mdomo, na kwa nje hakuna aliyeweza kuzitenganisha. Ndani kulikuwa na ujazo wa aina mbili. Nyingi zilikuwa na baruti ya vipande bapa, kiasi cha kawaida. Zilizobaki zilikuwa na baruti ya punje ndogo nzito, karibu mara tatu ya uzito wa ile ya kwanza, na kipimo hicho kilielekea kuwa ndicho lebo ya juu ilichomaanisha kwa kuandika "2400". Asili yake haishangazi kwa anayejua historia ya kaliba hii. Mwaka 1930 Smith & Wesson ilitoa rivolva ya fremu kubwa iliyokusudiwa kwa risasi kali za .38/44, zilizotumia ganda lenye vipimo vilevile vya .38 Special lakini zikiwa na shinikizo kubwa zaidi, na hata baada ya .357 Magnum kutoka mwaka 1935 wajazaji wengi waliendelea kujaza ujazo huo mkali kwenye maganda ya .38. Huenda marehemu alikuwa na rivolva nyingine nzito kwa ajili hiyo. Chapa ya kitakoni husema ganda ni la ukubwa gani. Haisemi limejazwa kwa ajili ya silaha gani, na ganda la.38 Special huingia kwa urahisi katika silaha dhaifu na imara vilevile.

Inafaa kuongeza kwamba baruti iliyotoka haikuweza kutambuliwa kwa hakika, licha ya lebo. Baruti nyingi ni za kijivu na zina maumbo yanayokaribiana, na kuzikisia kwa macho ili zitumike tena ni kosa ambalo halina kisingizio. Zote ziliwekwa katika chombo cha takataka na kuharibiwa siku hiyohiyo.

Sanduku la tatu, lile la "nyepesi, za mazoezi", lingeweza kuachwa bila kuguswa na silaha hii kwa sababu ganda la .357 Magnum limerefushwa kwa zaidi ya milimita tatu mahsusi ili lisiingie katika matundu ya .38. Nasema lingeweza, kwa kuwa kinga hiyo inategemea tundu lenye ngazi ya kusimamisha ganda, na zipo rivolva za kale zilizotobolewa moja kwa moja, na nyingine zilizotanuliwa baadaye na mafundi wa mitaani. Fundi alijaribu kwa ganda tupu. Halikuingia. Sanduku lilivunjwa hata hivyo, kwa kuwa neno "nyepesi" bila tarakimu halina maana.

Vichwa viliwekwa kwa ajili ya kuyeyushwa. Maganda yalibaki na fataki zake hai, na mrithi alitaka kuzitia mafuta ili zife, jambo linalosemwa sana na lisilotegemeka: mafuta huziua baadhi na kuziacha nyingine zikiwa nzima, na mtu aliyeamini zimekufa huzishughulikia kwa uzembe. Fundi mwenye leseni alizichukua pamoja na risasi za mkandani zilizokataa kufunguka vizuri, azikabidhi kwa mamlaka zinazopokea vitu hivyo. Kuzifukia, kuzitupa jalalani au kuzichoma ni kumhamishia hatari mtu asiyejua kwamba ipo.

Ikabaki rivolva. Pete ndogo ya mtutuni haiui silaha kila mara, na zipo zilizoendelea kupigwa zikiwa nayo bila hata kupoteza shabaha, lakini chuma kilichokwisha kutanuka kinaweza kuwa na ufa usioonekana kwa macho. Fundi alikataa kuidhinisha hata risasi mpya za kiwandani za shinikizo la kawaida hadi mtutu upimwe nyufa kwa dawa inayopenya ndani ya nyufa na kuzionyesha au ubadilishwe, na hadi ihakikishwe kwamba matundu yote sita ya silinda yanasimama sawa na mtutu nyundo inapokokiwa. Mrithi alichagua kuubadilisha mtutu.